Sherehe ya Mtoto wa Mahona

Siku mwanawe aliposherehekewa kwa kufaulu darasa la saba, Benedikta alikuwa kwenye jiko la watu, macho mekundu kwa moshi, akigeuza wali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Nje, chini ya turubai la lori la pamba, wanawake walikuwa wakipiga vigelegele kumpongeza mama wa mtoto. Mama waliyekuwa wakimpongeza ni Justina, mke wa Mahona. Benedikta alisikiliza kidogo, akafunika sufuria, akapanga makaa juu ya mfuniko, akamwomba mwenzake Domitila amsogezee ndoo ya maji.

Jambo hili mtu yeyote wa kijiji kile, upande wa Nkoma, angekusimulia bila kuombwa mara mbili, mradi tu wewe si mtu wa ofisini. Kijiji kizima kilijua, watoto wa darasa la kwanza walijua. Nadhani hata ng'ombe wa Mahona walijua, maana ndio walioanzisha.

Benedikta alikuwa mjane. Mumewe, Ngassa, alikufa kwa homa ya siku nne tu, akamwachia shamba la pamba la ekari mbili, nyumba ya udongo iliyozungushiwa minyaa, na mtoto mmoja wa kiume. Watoto wawili waliomtangulia huyu walikuwa makaburini. Shemeji walikuja kumwambia kwamba desturi inajulikana, achague mmoja wao amrithi. Akawapikia, wakala wakashiba, kisha akawaambia hachagui. Walimsusa miaka mitatu. Alilima peke yake, akapalilia peke yake, akavuna peke yake, na Jumapili alikwenda kanisani na mtoto wake amevaa shati lililopigwa pasi, ili shemeji waone.

Mtoto aliitwa Januarius, na kijiji kilikata jina kikamwita Januari, mama yake akawa mama Januari. Alikuwa na akili, na hapo sisemi kwa kumpendelea. Gazeti lililofungiwa sukari alilisoma pande zote mbili kabla sukari haijamiminwa. Alipokuwa darasa la tatu, wakati pamba bado inanunuliwa na ushirika peke yake, alisimama karibu na mizani akamwambia karani kuwa amekosea, na karani alipopiga tena hesabu akakuta kweli amekosea. Benedikta alikwenda nyumbani siku ile akacheka njia nzima kama mtu aliyeokota kitu. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu moyoni: huyu atasoma, hatalima pamba kama mimi.

Mwaka tisini na tatu Januari alifanya mtihani wa darasa la saba. Walikuwa wanafunzi thelathini na mmoja, na matokeo yalipokuja hakuchaguliwa hata mmoja. Hata Januari, aliyekuwa wa kwanza darasani tangu la pili. Benedikta hakulia mbele za watu. Alichukua jembe akaenda shamba, na mtoto naye akachukua la kwake akamfuata. Kumwona mtoto huyo na jembe begani ndiko kulikomuuma kuliko matokeo yenyewe.

Siku chache baadaye Mwalimu Keneth, mwalimu mkuu, alimfuata huko huko shambani. Aliegesha baiskeli kwenye tuta, akavua kofia.

"Mwangaluka, mama Januari."

"Mwangaluka, mwalimu. Karibu, ila hatuna hata kiti."

"Sikuja kukaa. Huyu mtoto hanipi amani. Serikali hairuhusu mtu kurudia la saba, hilo unalijua. Ukishafanya ukakosa, basi. Lakini mimi nina daftari la mahudhurio, na kwenye daftari kuna Maganga Mahona."

"Maganga si yuko Meatu na ng'ombe?"

"Yuko Meatu tangu mwaka jana katikati. Ila kwenye daftari hajakosa hata siku moja," alisema mwalimu, akaangalia pembeni kwa aibu. "Ofisini wakiona watoro wengi wananiandikia barua. Sasa mwaka huu Maganga anaingia la saba. Kiti chake kipo, jina lake lipo. Mwenyewe hayupo."

Benedikta hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mambo hayo yalifanyika, na si kijijini pale tu. Mtoto aliyekosa aliingia kwenye jina la mtoto aliyeacha, akafanya mtihani, akafaulu, na jina likawa lake mpaka kaburini. Wako watu wazima wenye kazi zao nzuri mjini ambao mama zao wanawaita jina jingine. Benedikta aliwahi kuwacheka watu hao. Siku hiyo alimwambia mwalimu, "Twende kwa Mahona."

Mahona wakati huo alikuwa mfugaji tu, mwenye zizi kubwa na viatu vya matairi, na shule kwake ilikuwa mahali pa kupotezea wachungaji. Alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa.

"Jina? Chukueni. Kwani likitumika linaisha?"

"Baba, nina mbuzi jike mwenye mimba," Benedikta alisema. "Nitamleta kesho."

"Mbuzi wa nini? Mimi niuze jina la mtoto wangu? Baki na mbuzi wako, mayu, mama yangu. Nimekupa bure."

Benedikta alipiga magoti akamshukuru. "Wabeja, baba. Wabeja sana." Alirudi nyumbani akimsifu Mahona kwa kila aliyekutana naye. Baadaye sana ndipo alipoona kosa lake. Mbuzi angekuwa amelipia, na mtu aliyelipwa hana la kukudai. Aliyekupa bure unamwamkia kwa heshima maisha yako yote, na akisema neno huna mdomo wa kumjibu.

Mwaka tisini na nne Januari aliingia la saba kwa mara ya pili, akiitwa Maganga. Wiki za kwanza watoto walikosea, mwalimu akawachapa, wakazoea. Mkaguzi alikuja mara moja, akaita "Maganga Mahona", Januari akasimama na kujibu maswali yote, na darasa zima likatulia kimya kama lina Bikira Maria mbele yake. Nyumbani, ndani ya minyaa, Benedikta aliendelea kumwita Januari. Jina lile jingine alilihesabu kama sare ya shule, inavaliwa asubuhi na kuvuliwa mchana.

Lakini mwaka huo huo dunia ya pamba ilipinduka. Serikali iliruhusu wanunuzi binafsi, na kufika Julai malori yalikuwa yakipishana barabarani, kila kampuni na mizani yake, kila mnunuzi na fedha mkononi badala ya stakabadhi. Kampuni moja ilitafuta wakala kijijini, mtu mwenye ghala na wa kuogopwa kidogo, ikampata Mahona. Ndani ya msimu mmoja Mahona alivua viatu vya matairi. Alinunua saa, redio ya kaseti, na suti ya kaki yenye mifuko minne. Alianza kuketi na watu wa Bariadi na Mwanza wanaozungumzia watoto wao walioko sekondari, na yeye akawa hana la kuzungumza. Hakuwa na mtoto hata mmoja shuleni. Ila kwenye daftari alikuwa naye.

Matokeo yalipokuja, jina lilikuwa moja tu kwa shule nzima: Maganga Mahona, sekondari ya bweni, mkoani. Mwalimu Keneth alikuwa amefuatana na mratibu elimu wa kata, na barua ilikuwa imeandikwa kwa mzazi, Bwana Mahona, kwa hiyo baiskeli mbili zilipita mbele ya minyaa ya Benedikta bila kusimama. Yeye alikuwa anaanika nguo. Alisikia vigelegele kutoka kwa Mahona akadhani kumezaliwa mtoto. Domitila ndiye aliyekuja anakimbia kumwambia, "Mwenzangu, kafaulu. Wako kafaulu." Benedikta aliangukia nguo zake mbichi akazikumbatia. Alifurahi, na sitaki mtu aseme hakufurahi. Kwa muda wa kama nusu saa hakukuwa na mwanamke mwenye furaha kumzidi kuanzia Bariadi mpaka Mwanhuzi.

Kisha alikwenda kwa Mahona kutoa asante, akamkuta anapanga sherehe.

"Tutachinja dume la mwaka wa tatu," Mahona alisema. "Wageni wa kampuni watakuja. Afisa elimu atakuja kutoka wilayani na gari."

"Baba, mimi ningeomba tukae kimya tu. Mtoto aende zake shule. Kelele ya nini?"

Mahona hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimvutia kigoda akamwambia taratibu. "Mayu, mtoto wa kwanza wa kijiji hiki kwenda sekondari, tangu shule ijengwe. Baba yake ana ng'ombe wote hawa, halafu asichinje? Hapo ndipo watu wa nje watakapouliza kulikoni. Mwaliko nimeshapeleka. Wenye kampuni wameshanipa mkono."

"Na ada? Mimi nilitaka kuuza…"

"Ada ya mwanangu uiuzie wewe shamba? Baba yake nipo."

Benedikta aliangalia kila upande wa maneno yale akitafuta pa kutokea, asipaone. Mahona alikuwa anasema kweli kwenye kila neno. Akienda wilayani kusema mtoto ni wake, nafasi itafutwa siku ile ile, Mwalimu Keneth atafukuzwa kazi, na Januari atarudi kwenye tuta la pamba na jembe lake. Alifikiria kumweleza padri aliyekuja kigangoni mara moja kwa mwezi. Akaacha, kwa sababu alijua padri angemwambia aseme ukweli, na ukweli ndio huo unaomrudisha mtoto shamba. Kwa hiyo aliuliza swali la mwisho lililobaki: "Sherehe hiyo mimi nitakaa wapi?"

"Utatusaidia jikoni," Mahona alisema. "Hakuna anayeujua wali wa watu wengi kama wewe."

Basi ndivyo alivyofika jikoni. Mchele ulitoka Mwanza kwenye lori la kampuni, soda zilikuja na kreti zake, na spika za kukodi kutoka Nyashimo zilianza kulia asubuhi na mapema. Mvua ilikuwa imekatika siku hiyo. Afisa elimu alifika na gari saa sita, mtu mnene mpole mwenye miwani, akakaribishwa meza kuu pamoja na wageni wa kampuni. Jiko lilikuwa limezungushiwa mabua, na kwenye mabua kulikuwa na upenyo. Benedikta aliweka kigoda chake hapo.

Aliona Januari akiletwa mbele amevaa suruali mpya nyeusi ambayo si yeye aliyeinunua. Alisikia mshereheshaji akisema, "Wazazi wa mtoto wasimame tuwaone." Mahona alisimama, Justina akasimama. Jikoni wanawake wote waligeuka kumtazama Benedikta, kisha kwa haraka wakageukia sufuria zao. Domitila alianza kuosha sahani zilizokwisha oshwa.

Kisha wakampa mtoto kipaza sauti.

"Namshukuru baba yangu, Mzee Mahona," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Namshukuru mama yangu. Mama ndiye aliyekuwa akiniamsha jogoo la kwanza nisome kwa kibatari kabla ya kwenda shamba. Nilipokosa madaftari, mama aliuza kitenge chake cha harusi. Nilipokata tamaa mama aliniambia, kama wewe ni mvivu nitasoma mimi, nipe hicho kitabu. Akakishika juu chini."

Watu wa nje walicheka. Watu wa kijiji hawakucheka. Mahona alikunja uso, kwa sababu mke wake hajawahi kuuza kitenge wala kukamata jembe tangu lori la kwanza lilipofika. Justina aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na wageni wakaona huo ni unyenyekevu. Benedikta nyuma ya mabua aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Kila neno lilikuwa lake. Mtoto alikuwa amelipitisha mbele ya ofisi nzima, likafika jikoni salama. Moyo wake ulijaa, akajiambia kumbe hajapotea, kumbe bado ni wangu.

Afisa elimu aliguswa sana. Alisimama akasema mama kama huyu ni mfano kwa Usukuma nzima, akatoa kitenge kipya kwenye bahasha akamfunga Justina begani kwa mikono yake mwenyewe. Ngoma ikapigwa, watu wakamtuza Justina noti na sabuni na kanga.

Haukupita muda Justina aliingia jikoni na kitenge begani. Alikuwa analia.

"Mama Januari, chukua. Si changu hiki."

"Rudisha begani, Justina. Wakikuona huna watauliza."

"Unafikiri mimi nimekaa raha pale? Wangu wa kuzaa katumiwa salamu abaki huko huko Meatu, asikanyage hapa mpaka wageni waondoke. Atakuja kwetu anaitwa nani sasa? Baba yake anasema watamtafutia jina."

Benedikta hakuwahi kulifikiria hilo. Alimfunga Justina kitenge vizuri, akamfuta uso kwa maji ya sufuria, akamwambia aende akakae. Wakati huo huo Mahona aliingiza afisa elimu jikoni, maana mgeni yule alikuwa na adabu, alitaka kuwashukuru wapishi.

"Wali huu nani kaupika?"

"Huyu hapa," Mahona alisema. "Jirani yetu, mama Januari."

"Asante sana, mama. Na huyo Januari naye anasoma?"

Benedikta alishika mwiko kwa mikono miwili.

"Hapana, mzee. Alifanya mtihani mwaka juzi, akakosa."

"Pole. Ndiyo maisha," alisema afisa kwa huruma ya kweli. "Mwambie amwangalie huyu mwenzake Maganga. Unaona malezi ya wazazi yanavyosaidia?"

"Nitamwambia," alisema Benedikta.

Jua lilipoanza kushuka ilitangazwa kwamba mtoto atalala kwa baba yake, kesho yake aondoke na gari la kampuni. Januari alikuja nyumbani kuchukua sanduku lake la mabati. Benedikta alikuwa ameshalipanga: mashuka mawili, soksi, kitabu cha sala. Alikuwa amejiandaa kumkumbatia na kumwambia kwamba aliyasikia, kila neno, kuhusu kibatari na kitenge.

"Januari mwanangu," alianza.

"Mama," mtoto alisema, akatazama nyuma kuelekea langoni. "Niite Maganga."

"Hapa ni nyumbani."

"Hata hapa. Leo pale mbele nilikuwa naogopa, si hotuba, nilikuwa naogopa usije ukaniita kutoka jikoni. Ukija kunitembelea shule ukateleza mara moja tu, wananirudisha. Na atakayekuandikia barua asiandike 'mwanangu'. Mwalimu Keneth anasema kule walimu wanafungua barua zetu kwanza."

"Aandike nini?"

"Aandike Ndugu Maganga. Chini aweke jina lako, aseme jirani." Alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa ameyafikiria yote, peke yake, kwa mpangilio, kama alivyofikiria hesabu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikubadilika. "Ni miaka minne tu, mama. Au sita nikiendelea."

Benedikta alijua si minne wala sita. Cheti kitatoka kwa jina hilo, kazi itatoka kwa jina hilo, na wajukuu watazaliwa wakiitwa watoto wa Maganga, wajukuu wa Mahona. Alijua hivyo tangu siku mwalimu alipomfuata shambani, ila hakuwa ameiona sura yake. Alitamani kulikamata lile sanduku alirudishe ndani. Badala yake aliliinua, akamtwisha.

"Haya, Maganga," alisema.

"Naam, mama," aliitika mtoto, kisha akajisahihisha. "Naam, mama Januari."

"Ndivyo," alisema Benedikta. "Usije ukasahau."